Namba za Bi Mkubwa

Siku walipokuja wale watu wawili kumpima Bi Mkubwa, mume wangu Eckhard alirudi nyumbani akipiga mluzi. Nilikuwa jikoni namenya viazi. Nikashusha kisu, nikasikiliza mpaka mluzi ukafika mlangoni. Tangu Pasaka nilikuwa sijausikia.

Bi Mkubwa ni mashine. Jina hilo tulimpa sisi wake wa kijiji cha Hüllenbeck, kwa utani wenye ukweli ndani yake, maana kila mwanamke aliyeolewa na mtu wa kiwandani alijua kwamba yeye ni bi mdogo tu. Mashine ikiita, mume huacha sahani mezani. Ni ndefu kuliko kanisa letu. Upande mmoja zinaingia chenga za miti zilizochanganywa na gundi, laini kama godoro. Zinabanwa kwa moto, na upande wa pili unatoka ubao mmoja mpana usio na mwisho, ambao msumeno huukata vipande. Mbao hizo ndizo makabati ya jikoni, vitanda, meza za ofisi na rafu za nchi nzima. Huku kwetu Westfalia ya mashariki, Ujerumani, ni vigumu kupata nyumba isiyokula kutokana na kabati.

Eckhard alikuwa mkuu wa zamu kwenye mashine hiyo. Alianza pale akiwa kijana anayefagia vumbi, na nywele zake zikaota mvi mbele ya Bi Mkubwa. Jambo moja alilonifundisha tulipochumbiana ni kwamba mashine ile haipoi. Hata ikilazwa, hata siku ya Krismasi, tanuru yake huachiwa moto mdogo, kwa sababu ikipoa kabisa chuma hujikunja na mafuta huganda, na kuiamsha tena ni kazi ya kuogopwa. Ndiyo maana kila Jumapili, nilipofungua madirisha ya kanisa, niliuona mvuke mwembamba juu ya bomba la kiwanda. Wengine hutazama jogoo wa bati juu ya mnara ili wajue upepo unatoka wapi. Mimi nilitazama mvuke.

Mambo yaliharibika polepole, kama meno. Kwanza watu waliacha kujenga. Mikopo ya nyumba ilipanda, na mtu asiyejenga nyumba hanunui makabati. Kisha gesi ikapanda, umeme ukapanda, gundi ikapanda. Hata chenga zenyewe, ambazo zamani wapasua magogo waliziona takataka, zikawa za kugombaniwa, kwa kuwa nao sasa walipasua magogo machache, na wauzaji wa kuni zilizosagwa na kubanwa kwa ajili ya kupashia nyumba joto walikuwa wanazichukua kabla yetu. Kutoka mbali zilikuja meza na vitanda vya bei ambayo hapa hainunui hata misumari. Septemba, katika wiki ya maonyesho ya makabati ya jikoni, wanunuzi walikuja kama kila mwaka. Walikula soseji, wakanywa bia, wakafungua na kufunga droo, wakasifu rangi mpya, wakaondoka bila kuagiza.

Basi kiwanda kikaingia kwenye kazi fupi. Bi Mkubwa aliamshwa Jumatatu na kulazwa Jumatano, na sehemu ya mshahara uliopotea ikawa inajaziwa na serikali. Siku ya Alhamisi ungewaona wanaume wa Hüllenbeck mbele ya nyumba zao, wenye nguvu zao, wakifagia majani ambayo bado hayajaanguka.

Mwezi wa kumi, Jumapili moja baada ya ibada, binamu yangu Volkmar alikuja kunywa kahawa. Yeye ni mkubwa katika idara ya maji ya wilaya. Alizungumza habari za magoti yake, akazungumza habari za mbwa wake, kisha akaweka kikombe chini na kutoa kilichomleta. Mwangalizi wa mitambo ya maji alikuwa anastaafu. Nafasi ile alikuwa na uwezo wa kumshikia Eckhard mpaka karibu na Majilio, majuma manne kabla ya Krismasi, si zaidi ya hapo.

"Mshahara ni mdogo kidogo, shemeji," alisema. "Lakini watu hawaachi kunywa maji."

Eckhard alimshukuru, akasema atafikiri. Nilijua maana yake. Mume wangu si mtu wa haraka. Mlango ukifungwa, yeye bado yuko nje anafuta viatu. Alikuwa na umri ambao kazi haitafuti mtu, mtu ndiye huitafuta, na huu ulikuwa mlango wa mwisho ambao mtu yeyote angemfungulia. Nilipopiga magoti usiku sikuomba utajiri wala kiwanda kipone. Niliomba jambo moja, aone mapema.

Kisha wakaja hao wapimaji.

Bwana Thiemann, meneja aliyeletwa na wenye mali wapya wa kiwanda, alisimama kwenye ngazi za chuma akawaambia wafanyakazi kwamba Bi Mkubwa atafanyiwa matengenezo makubwa. Kamati ya wafanyakazi ilipouliza ni matengenezo gani, iliambiwa mazungumzo bado yanaendelea. Lakini kazi ya kwanza ilikuwa wazi: kila bomba, kila waya, kila rola na kila bamba lifungiwe kibati chenye namba, na namba hiyo iandikwe pia kwa rangi nyeupe mahali kitu kinapoungana na kingine. Eckhard ndiye angeongoza, na rafiki yake Detlev Stuke angemsaidia.

Mtu wa kwetu ukimwambia aweke namba, umempa sikukuu. Kwenye ghala letu la chini kila chupa ya jemu ina tarehe, kila ufunguo una kibati chake, na kamba ya taa za Krismasi ina karatasi inayoeleza mwanzo ni upande upi. Sisi hatuwezi kuona kitu kisicho na jina tukalala salama. Eckhard aliifanya kazi ile kama mtu anayemvalisha bibi harusi. Hata siku za kazi fupi, ambazo alipaswa kukaa nyumbani, alikuwa akikaa mezani kunyoosha waya za kufungia vibati.

Siku moja niliwapelekea keki ya siagi, treyi nzima. Ukumbi ulikuwa na harufu ya utomvu na chuma. Eckhard alikuwa juu ya ngazi, amejikunja kati ya mabomba, na Detlev alikuwa chini ameishika ngazi. Hao wawili walikuwa marafiki tangu shule, na katika bendi ya tarumbeta ya kanisa walikaa kiti kwa kiti.

"Shemeji," Detlev aliniambia, "keki hii umemletea nani, sisi au Bi Mkubwa?"

"Nyinyi. Yeye hali."

"Hali? Amekula ujana wote wa mumeo, halafu unasema hali."

Juu ya ngazi Eckhard alicheka mpaka kibati kikamponyoka. Detlev alikiokota, akakifuta kwenye suruali, akampa. Wapimaji nao walikuja kula. Walikuwa watu wa adabu. Mmoja alikuwa mrefu, mwenye sauti ya chini, na aliniuliza kama keki hiyo ni ya sherehe. Nikamwambia ukweli, kwamba kwetu keki ya siagi hupikwa kwa harusi na kwa mazishi, treyi ile ile na sukari ile ile. Aliacha kutafuna kidogo. Kisha akanishukuru, akarudi kwenye chombo chake cha kupimia cha miguu mitatu.

Ndipo mtu mmoja wa zamu ya pili akauliza kwa sauti kile ambacho wengi walikuwa nacho moyoni: je, haya matengenezo ni ya kweli? Detlev ndiye aliyejibu.

"Nani anaandika namba kitu anachotaka kukitupa?" alisema.

Watu wakacheka. Niliona mabega yao yakishuka, kama ya mtu aliyetuliwa mzigo. Neno hilo likatoka kiwandani likaingia kijijini. Nililisikia dukani kwa mwoka mikate, nikalisikia mlangoni mwa kanisa, nikalisikia kwa muuguzi aliyenitoa damu. Nani anaandika namba kitu anachotaka kukitupa? Lilikuwa neno zuri, nami nililiweka moyoni kama wenzangu. Hata Bwana Thiemann, niliambiwa, alilisikia, akatabasamu, wala hakulikanusha.

Ila Volkmar hakucheka. Alinipigia simu akaniuliza kama Eckhard ameamua, kwa sababu kuna mtu mwingine anayeuliza habari ya nafasi ile. Nikamwambia angoje kidogo. Niliposema na Eckhard, alijibu kwamba mtu haondoki kwenye nyumba siku inapopakwa rangi. Nami sikumsukuma. Nilisema Mungu ana saa yake.

Mimi ndiye mtunza kanisa letu. Napiga kengele, nafagia, nabadilisha mishumaa. Katikati ya Novemba, asubuhi yenye ukungu, nilikuwa nakusanya majani chini ya ule mti mkongwe wa kwenye kona nilipowaona wale wapimaji wawili barabarani. Walikuwa wameweka chombo chao cha miguu mitatu kando ya ukuta wa kanisa, na kando ya ukuta huo walikuwa wamesimika fito zenye vitambaa vyekundu.

Nilisimama nikawaangalia. Barabara inayotoka kiwandani kwenda barabara kuu inapita hapo, na kona ile ni kali. Malori yanayoingia hupita upande wa mwoka mikate, ambako kuna nafasi. Yanayotoka hupita upande wetu, na madereva wasio waangalifu wamekwisha kukwaruza ukuta wetu mara nyingi.

Yule mrefu alinisalimia. Akatazama juu.

"Mama, tawi hili ni la kanisa au la wilaya?"

"La kanisa. Limekosa nini?"

"Halijakosa kitu. Liko chini kidogo."

"Malori yanapita hapa miaka yote."

"Ya kawaida, ndiyo."

Nikamuuliza kama kuna mzigo mkubwa unaletwa. Alikuwa anakunja utepe wake wa kupimia, na aliukunja taratibu sana, kama mtu anayetaka uwe mrefu zaidi. Mwenzake aligeuza uso akatazama makaburi.

"Mimi napima njia tu, mama," alisema mwishowe. "Keki yako ilikuwa nzuri."

Waliondoka. Fito zilibaki. Nilizitazama zote, moja baada ya nyingine. Zote zilikuwa upande wetu. Kwa mwoka mikate hapakuwa na hata moja.

Niliingia kanisani, nikakaa kwenye benchi la nyuma. Baridi ilikuwa kali kwa sababu siku za juma hatuwashi joto tena, mafuta ni ghali. Nilitaka kuomba, maneno hayakuja. Nilikaa tu mikono ikiwa mapajani. Baadaye nilisikia mdomo wangu ukisema, "Bwana, kama ni mimi wa kumwambia, basi nipe ulimi." Kisha nikaenda nyumbani nikabandika viazi.

Eckhard alikuwa mezani, anasoma gazeti. Nilimweleza yote, habari za fito, za tawi na za utepe. Alisikiliza kwa upole, akasema matengenezo makubwa yana vipuri virefu. Nikasema vipuri vinavyoingia hupita kwa mwoka mikate. Akasema kila dereva ana njia yake. Nikasema njia si ya dereva, ni ya kona. Tuliendelea hivyo, sauti zikipanda kidogo kidogo, kwa namna ya watu ambao hawajazoea kugombana na hawajui mahali pa kushika. Mwishowe alikunja gazeti, akalitoa lile neno.

"Heidrun, nani anaandika namba kitu anachotaka kukitupa?"

Nilikwenda sebuleni, kwenye kabati la mama yangu. Ni la mwaloni, zito, la zamani. Mama alipofariki tulilichukua kutoka nyumbani kwake Bünde, na kwa kuwa halikupita mlangoni, Eckhard alilifungua lote, ubao kwa ubao. Nilifungua milango yake miwili, nikatoa mashuka, nikawasha taa.

"Njoo uone."

Alikuja. Ndani ya kabati, kila mahali ubao ulipokutana na ubao, kulikuwa na namba za penseli. Saba na saba. Nane na nane. Ulikuwa mwandiko wake mwenyewe, na ile saba yake yenye mkato katikati.

"Hili uliliandika ili ulitupe?" nilimuuliza.

Aliinama akaigusa namba moja kwa kidole gumba, akaipapasa kama inaweza kufutika. Viazi vilichemka, maji yakafurika yakazima moto, nasi tulisikia na hatukwenda. Nilimwona mume wangu akielewa. Lilikuwa jambo la kutisha kulitazama, kwa maana halikuja usoni, lilikuja mgongoni. Mgongo wake ulikuwa wa mtu aliyesimama, na polepole ukawa wa mtu aliyeegemea.

"Kitu cha kutupwa hukiandiki," alisema. "Unaandika cha kuhamisha."

"Mpigie Volkmar."

"Nimempigia."

"Lini?"

"Leo asubuhi, wewe ulipokuwa kanisani."

"Ukamwambia nini?"

"Nilimwambia ahsante. Nilimwambia nabaki."

Alipiga tena saa ile ile. Alisimama ukumbini, simu sikioni, na mkono mwingine ameshika koti lililotundikwa kana kwamba limevaliwa na mtu. Nilisikia sauti ya Volkmar lakini si maneno. Alipomaliza alinieleza. Volkmar alishika nafasi ile mpaka alipoambiwa hapana, na mchana huo huo akampa yule mwingine, ambaye alikuwa anauliza kila siku, kwa adabu, kama Eckhard amekwisha kukataa. Jina hakulitaja. Alisema tu kwamba ni mtu wa huku huku kwetu.

Alhamisi, kwenye mazoezi ya tarumbeta, kiti kilicho kando ya Eckhard kilikuwa kitupu. Mimi nilikuwa nimewapelekea chai. Mchungaji aliuliza Detlev yuko wapi, kama anaumwa. Kijana wa ngoma akasema, bila kujua anachokisema, kwamba Bwana Stuke yuko idara ya maji, ameitwa kupimiwa sare.

Eckhard aliondoa mate kwenye tarumbeta lake, akaweka karatasi ya muziki sawa. Walipiga wimbo mpaka mwisho. Alipiga vizuri. Mimi ndiye niliyemwaga chai.

Ijumaa Bwana Thiemann alisimama tena kwenye ngazi za chuma. Eckhard alinisimulia kwa maneno machache. Hali ya soko ilikuwa mbaya kwa wote, alisema, wala hapakuwa na wa kulaumiwa. Wenye mali walitafuta kila njia. Bi Mkubwa alikuwa ameuzwa katika nchi ambayo gesi ni rahisi na watu bado wanajenga, na angefunguliwa vipande na kusafirishwa kabla ya Krismasi. Kisha akawashukuru waliofunga vibati. Alisema wanunuzi hawajawahi kuona kazi safi namna ile.

Hakuna aliyepiga kelele. Watu wa kwetu hawapigi kelele. Walibaki wamesimama, na baadhi yao walitazama saa, kama zamu ingeweza kuisha. Baadaye, kwenye chumba cha kubadilishia nguo, walikuwapo waliomzunguka Eckhard. Walimwambia kazi bado haijakamilika, sehemu ya nyuma ya mashine haina vibati. Abadilishe vichache tu. Rola ya huku iwe ya kule, bomba la mafuta liitwe la maji. Nani angejua? Huko wanakompeleka wangemuunga, wangempigapiga, na asingeamka milele.

"Yeye hajamkosea mtu," Eckhard aliwaambia, akavaa koti lake.

Usiku ule niliomba kwa hasira. Nilimwambia Mungu kwamba nilimwomba mapema, naye alinionyesha kwa kuchelewa. Nikalala bila kusema amina. Asubuhi nilirudi nikaisema, kwa sababu sala isiyo na amina ni kama mlango uliokosa komeo, na sikujua ni nini kingeingia.

Ikaja Jumapili ya kuwakumbuka wafu. Huku kwetu siku hiyo, baada ya ibada, tunakwenda wote makaburini, mchungaji anasoma majina ya waliofariki mwaka huo, na bendi ya tarumbeta inapiga wimbo kila baada ya majina kadhaa. Hapakuwa na upepo. Tawi la chini la mti wa kona lilikuwa limekwisha kukatwa, na donda lake jeupe lilionekana kutoka mbali. Fito zenye vitambaa vyekundu zilisimama kando ya ukuta kama waombolezaji waliowahi kufika.

Detlev alikuja. Alikuja na tarumbeta lake, amevaa koti jeusi, akasimama mahali pake pa siku zote, bega kwa bega na mume wangu. Nani angemfukuza makaburini? Mke wake alisimama nyuma, akitazama chini. Nilijua hali yao, wana binti mgonjwa na nyumba ambayo bado ni ya benki. Nilijitahidi kumwombea. Nilifika nusu.

Majina yalisomwa. Matarumbeta yakalia. Makaburi yetu yako kwenye mwinuko, na kutoka hapo kiwanda chote kinaonekana, paa refu la Bi Mkubwa na bomba la moshi juu yake, na mvuke ule mwembamba, mweupe, umesimama wima hewani kama uzi.

Walikuwa kwenye ubeti wa mwisho nilipoona mvuke umekatika. Haukupungua, ulikatika. Kipande kilichokuwa kimekwisha kutoka kiliendelea kupanda chenyewe, kikiacha nafasi tupu chini yake, kikapanda mpaka kikaisha. Juu ya bomba hapakuwa na kitu. Mimi, tangu niolewe Hüllenbeck, sikuwahi kuliona bomba lile likiwa limenyamaza.

Watu waliokuwa wakiimba waligeuka mmoja mmoja. Sauti ya wimbo ilipungua, mpaka yakabaki matarumbeta peke yake. Eckhard alikuwa ameshusha la kwake. Alitazama bonde. Mwenzake kando yake aliendelea kupiga sehemu yake, peke yake, macho kwenye karatasi, mashavu mekundu. Mistari miwili ikapita hivyo. Kisha mume wangu akainua tarumbeta, akaingia mahali sahihi, wakamaliza pamoja.

Baada ya baraka Detlev hakuondoka. Alifungua sanduku la tarumbeta lake, akalifunga bila kuweka kitu, akalifungua tena.

"Eckhard," alisema, "ilinibidi. Unajua hali ya mtoto."

"Najua."

"Volkmar aliniambia wewe umekataa. Sikukunyang'anya."

"Hukuninyang'anya. Kazi umeipata kwa haki." Eckhard alikuwa anafuta mdomo wa tarumbeta kwa kitambaa, pole pole, kama afanyavyo siku zote. "Lakini ulikuwa unajua wanampeleka Bi Mkubwa. Mtu anayeamini matengenezo haulizi kazi nyingine kila siku. Ulijua tangu siku ya keki, ukasema lile neno mbele ya watu. Na kila siku ulinishikia ngazi."

Detlev, mtu yule aliyekuwa na utani kwa kila kitu, aliyewahi kutuchekesha hata kwenye mazishi ya baba yake mwenyewe, aliliweka tarumbeta sandukuni, akafunga. Mke wake akaja akamshika kiwiko. Waliteremka mlima wakipita katikati ya makaburi, na watu waliwapisha kwa heshima, zaidi ya ilivyohitajika.

Jumatatu asubuhi Eckhard aliamka saa ile ile. Alikunywa kahawa, akachukua waya alizokuwa amezinyoosha na kopo la rangi nyeupe.

"Unakwenda wapi?" nilimuuliza, ingawa nilijua.

"Sehemu ya nyuma haina namba."

"Waache waandike wenyewe."

"Watakosea," alisema. "Watamuunga vibaya."

Nilimfungia chakula. Aliondoka bila mluzi, nami nikabaki dirishani mpaka alipokata kona ya kanisa. Alifanya kazi ile juma zima ndani ya ukumbi wenye baridi, peke yake, bila mtu wa kumshikia ngazi. Jioni alirudi na vidole vyeupe kwa rangi, akala, akalala. Sijui atafanya nini Januari. Yeye naye hajui, na hatujaanza kulizungumza. Nikiomba sasa sisemi maneno mengi. Namkabidhi tu, kama mtu anavyokabidhi ufunguo.

Jambo moja zaidi nililisikia kwa mwoka mikate. Wale watu wawili wa miguu mitatu wameonekana kijiji cha jirani, ng'ambo ya mto, kwenye lango la kiwanda cha makabati ya jikoni. Wafanyakazi wa huko wanasema ni matengenezo makubwa, wamekwisha kuagiza vibati, na wana furaha. Mke wa mlinzi, niliambiwa, amewapelekea wapimaji keki ya siagi, treyi nzima.